Ndoo ya maji moto kwa bei ya mshahara

Baba yangu aliendesha watalii miaka 27. Mombasa hadi Tsavo, Tsavo hadi Taita, Taita hadi Amboseli, kisha kurudi. Msimu ukiwa mzuri, mara mbili kwa wiki. Sisi watoto tuliusoma msimu kwenye viatu vyake mlangoni. Vikiwa na vumbi jekundu la Voi, mambo yapo. Vikiwa safi wiki mbili mfululizo, Mama anaanza kupunguza nazi kwenye wali.

Miaka yote hiyo hakuwahi kulala upande wa wageni. Hoteli za porini zina vyumba vya madereva huko nyuma, karibu na jikoni na jenereta, vitanda vinne chumba kimoja, na dereva mmoja akikoroma basi wote wamekesha. Wageni wake walimsimulia asubuhi jinsi walivyosikia simba usiku. Yeye alisikia jenereta.

Mwaka huu anatimiza miaka 70. Kaka yangu aliye Maskati akaandika kwenye kundi letu la WhatsApp maneno matatu tu: "Akalale kule mbele." Hakuna aliyeuliza mbele ya wapi.

Kazi ya kupanga ikaniangukia mimi. Nafanya kazi ofisi ya wakala wa forodha, kupitisha makasha ya watu bandarini, na kwetu inaaminika kwamba anayeziweza fomu za forodha ataweza chochote chenye fomu. Tulikusudia iwe siri. Siri iliishi siku mbili. Mama hawezi kukaa na jambo. Siku ya tatu Baba alinipigia simu kazini saa nne asubuhi: "Nasikia mnataka kunipeleka porini. Mna wazimu, au mna pesa?"

Tangu hapo amekuwa msimamizi wangu.

Mimi nilidhani Tsavo, kwa kuwa ndiko kwake. Akakataa katakata. "Tsavo naijua shimo kwa shimo. Nitakaa pale nikiona barabara tu." Maasai Mara aliwahi kwenda mara chache, alipoazimwa na kampuni ya Nairobi wageni walipozidi mwezi wa Agosti, na anachokikumbuka si nyumbu. Anakumbuka magari. Duma mmoja kalala chini ya kichaka, na magari yamemzunguka kama bibi harusi, kila dereva anasukumwa na wageni wake asogee mbele. "Nataka kumwona simba mmoja," aliniambia, "halafu nisikie injini moja tu. Yetu. Nayo izimwe."

Sentensi hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye hifadhi za watu binafsi, zile zinazopakana na Mara upande wa kaskazini na mashariki. Nilikuwa nimezisikia bila kuzielewa. Nikifikiri ni tajiri mmoja na ua wake wa nyaya. Kumbe ile ardhi ni ya Wamasai wenyewe. Ranchi ya pamoja ya Koiyaki iligawanywa, kila mwenye haki akapata kipande chake na hati yake, na hapo pangeweza kuwa mwisho wa wanyama, maana kipande chako ukikizungushia ua, pundamilia atapita wapi? Badala yake majirani waliviunganisha tena vipande vyao na kuvikodisha kwa kambi za wageni. Ol Kinyei ilianza mwaka 2005. Naboisho, ambayo jina lake kwa Kimaasai ni kuja pamoja, ilianzishwa 2010: ekari 50,000 hivi, familia zaidi ya 500. Kodi inaingia benki kila mwezi, wageni wawepo wasiwepo.

Nilimsomea Baba haya yote kibarazani kwao Kisauni, yeye akimenya chungwa. Hakuniuliza habari za simba hata kidogo. Aliuliza, "Na ng'ombe?" Nikamwambia ng'ombe wanaruhusiwa kulisha kwa zamu, sehemu fulani kwa wakati fulani. Akala pande la chungwa. "Na ile korona?" Nikasema 2020 kambi zilipofungwa, baadhi ya hifadhi zilipunguza kodi kwa wenye ardhi. Akatikisa kichwa taratibu, kichwa cha mtu aliyekaa nyumbani mwaka mzima akingoja mgeni kutoka Ujerumani. "Sawa. Hapo nitakwenda."

Sheria zao ndizo zilizonivutia mimi. Vitanda ni vichache kwa makusudi. Magari yasiyozidi matano kwa mnyama mmoja, na yakizidi unangoja mbali hadi moja litoke. Ruhusa ya kuacha njia ukamfuata mnyama, kutembea kwa miguu na mwongozaji, kutoka usiku na taa nyekundu. Mambo ambayo ndani ya mbuga kuu hayaruhusiwi. Ukosefu ni mmoja: nyumbu kuvuka Mto Mara hutawaona huko, kwa kawaida huvukia ndani ya mbuga. Baba akasema nyumbu ameshawaona wakivuka, wawavukie wengine.

Sasa bei. Hapa naomba nikae kidogo, maana ndipo nilipopoteza usingizi.

Jambo la kwanza: bei iliyo kwenye tovuti si yako. Ile ni ya mgeni wa ng'ambo, kwa dola. Kambi nyingi zina bei ya wananchi na wakaazi, lakini haibandikwi ukutani, unaiomba. Kambi moja niliiandikia kama mtu yeyote, ikanijibu kwa dola. Nikaandika tena, safari hii kwa Kiswahili, nikataja kitambulisho, na bei ikashuka karibu nusu. Hata hiyo nusu, usiku mmoja kwa mtu mmoja ni mshahara wangu wa mwezi na chenji kidogo. Sisi ndugu tuko wanne, na tumechanga miezi kumi na minne.

Jambo la pili: shemeji yetu. Kaka ana pasipoti ya Kenya, yumo kwenye bei ya wananchi. Mkewe ni Mwomani, hayumo. Hema moja, kitanda kimoja, bei mbili. Tena tukitaka kuingia mbuga kuu kwa siku moja, mgeni kama yeye hulipa dola 100 kuanzia Januari hadi Juni, na dola 200 kuanzia Julai hadi Desemba. Tukaamua mambo mawili kwa mpigo: mbuga kuu hatuingii, na safari ni Januari. Mvua ndogo zitakuwa zimepita, masika bado, Ramadhani bado, na nyasi bado fupi kiasi cha kumwona chui. Hiyo ya nyasi si yangu, ni ya Baba.

Jambo la tatu linanihusu mimi tu. Bei zote ni za "mtu mmoja, mkilala wawili". Asiye na mwenzi analipia kitanda kitupu. Nimeachika nikalipa, sasa nalala peke yangu nikalipa. Dada yangu mdogo akajitolea kulala nami, na anakoroma kama madereva.

Katikati ya haya nilitaka kuharibu mambo. Wakala mmoja wa mtandaoni, picha nzuri, majibu ya haraka, alinipa bei ambayo hata kambi yenyewe haikunipa, ila nitume arubuni kabla ya saa kumi jioni kwa namba ya simu. Jina lililotokea kwenye simu lilikuwa la mtu, si la kampuni. Kidole kilikuwa tayari kwenye PIN. Nilimpigia Baba kwa bahati tu, nikitaka kumfurahisha. Akauliza, "Leseni yao ya Mamlaka ya Udhibiti wa Utalii namba ngapi? Wamo kwenye KATO, chama cha kampuni za safari?" Nikamuuliza yule wakala. Alisoma ujumbe wangu, alama mbili za buluu, na hadi leo hajajibu. Mimi, ninayekagua hati za makasha ya watu kila siku!

Kambi tuliyoipata ina mahema machache, na ratiba yao walinitumia ikiwa na picha. Nikamwonyesha Baba. Akavaa miwani, akasogeza simu mbali, akaileta karibu.

"Hiki ni nini, kinachoning'inia mtini?"

"Bafu, Baba. Unawaambia saa ya kuoga, wanachemsha maji kwa kuni, wanayamimina kwenye ndoo, wanaipandisha juu kwa kamba. Unafungua, unaoga."

"Ndoo."

"Naam."

"Tunalipa pesa zote hizi tukaoge kwa ndoo."

Alicheka hadi akavua miwani. Mama akatoka jikoni kuuliza kuna nini, naye akaambiwa, naye akacheka, halafu akauliza swali la maana kuliko yote: maji ni lita ngapi? Niliandika barua pepe kuuliza. Lita ishirini, na ukihitaji nyingine unaita. Nilipowaeleza pia kwamba usiku wanakuwekea chupa ya mpira yenye maji moto ndani ya shuka, Mama aliniagiza niwaambie wasimwekee, atadhani ni nyoka.

Mizigo ndiyo vita vya sasa. Tunapanda treni hadi Nairobi, tunalala kwa shangazi South C, na asubuhi tuko uwanja wa ndege wa Wilson baada ya dakika chache. Ndege ndogo hadi kiwanja cha changarawe huko hifadhini. Kila mtu kilo 15, begi la mkononi likiwemo, na begi liwe la kitambaa laini kwa kuwa linasukumwa kwenye tumbo la ndege. Mama anataka kupeleka kaimati, mahamri na achari ya embe. "Hawajui kupika," asema, kabla hajaiona hata picha ya jikoni lao. Nilipima kopo la achari peke yake: kilo moja na robo. Buibui lake jeusi nalo Baba amelipiga marufuku porini, kwamba mbung'o hupenda nyeusi na buluu. Kwa hiyo ameshonesha madera mawili ya rangi ya udongo na anayalalamikia kila siku, ati anaonekana chungu. Masweta nimeazima kwa jirani aliyekulia Limuru. Sisi watu wa pwani Mara itatuonyesha, iko juu zaidi ya mita 1,500 na magari hutoka saa kumi na mbili asubuhi, wazi pande zote. Chupa za maji za plastiki haziingii, Kenya ilizipiga marufuku kwenye maeneo ya hifadhi tangu Juni 2020, hivyo kila mmoja na chupa yake ya chuma.

Chakula hakikunipa shida nilivyotarajia. Niliuliza nyama inatoka wapi, wakanijibu bila kuzungukazunguka ni mchinjaji gani wa Narok, na kwamba ni Mwislamu. Kibla nimeshaitafuta: kutoka pale ni kaskazini, kidogo upande wa mashariki. Linaloniuma ni kwamba bei inajumlisha vinywaji vyote, mvinyo na kadhalika, na sisi hatunywi. Nikauliza kama wanaweza kupunguza. Meneja akaniandikia kwa adabu kwamba hapana, ila atatuandalia tangawizi ya kutosha machweo. Dada anasema tuinywe hadi ilingane na thamani ya shampeni.

Kuhusu gari, Baba alikuwa na sharti moja. Tulitaka kulipia gari la peke yetu. Akasema anavyopenda yeye ni kiti cha mbele, ubavuni mwa dereva, basi. Akaagiza niulize mwongozaji ana beji gani ya chama cha waongozaji, shaba, fedha au dhahabu. Fedha. Kijana wa hapohapo, aliyesomea shule ya waongozaji ya Koiyaki. "Basi nitamsikiliza kwenye redio," akasema Baba. Enzi zao walisemezana kwa mafumbo ili wageni wasijue kilichoonekana wakaanza kupiga kelele: simba dume ni sharubu, ndovu ni masikio. Anataka kujua kama bado wanasema hivyo, au vijana wamebadilisha lugha.

Jumapili iliyopita nilipeleka fomu ya mwisho, ile kambi hutuma kwa kila mgeni. Mzio, dawa unazotumia, mito migumu au laini, chai saa ngapi. Nilitaka kumjazia, akachukua kalamu. Aliandika kwa herufi kubwa kama alivyokuwa akijaza daftari la safari la gari. Kwenye presha akaandika ukweli, jambo ambalo hata daktari hulipata kwa taabu. Kisha akafika kwenye swali la sita na kusimama: Umewahi kwenda safari mara ngapi? Visanduku vinne. Hii ni ya kwanza, moja au mbili, chache, nyingi.

Nilikuwa nikimtazama. Kalamu ilikwenda kwenye kisanduku cha mwisho, ikarudi, ikapumzika mezani.

"Wanauliza hivi ili wafanyeje?"

"Ili wajue wakueleze kiasi gani, Baba. Wa mara ya kwanza hufundishwa kila kitu."

Akaweka alama kwenye kisanduku cha kwanza. Halafu akageuza karatasi na kumwita Mama aseme anataka mito mingapi.