Kumbukumbu ya ramani yangu: nimekwama Ndia Kuu

Wiki ya sita, na karatasi ya pili imeharibika. Ramani yangu ya Mombasa ina sheria moja: jina la sasa la barabara kwa wino mweusi, la zamani kwa mwekundu. Salim Road ikawa Digo Road, Kilindini Road ikawa Moi Avenue. Hizo nilizimaliza jioni moja, ingawa babu yangu alifariki akisema Kilindini Road. Kisha nikaingia Mji wa Kale, kwenye Ndia Kuu.

Nina postikadi ya njia hiyo, ya zama za Waingereza, iliyopigwa chapa "Vasco da Gama Street, Mombasa". Nimeikagua kwa lenzi. Reli mbili nyembamba zapita katikati ya njia, juu yake toroli lenye kipaa, abiria mmoja kakaa, na wanaume wawili wanasukuma kwa nyuma. Kanzu ya mmoja imepepea mpaka ikatoka ukungu. Nikaandika Vasco da Gama kwa wekundu, Ndia Kuu kwa weusi, nikampelekea bibi jirani barazani.

"Hili jekundu ndilo la kale, mwanangu?"

"Ndilo, Bi."

"Basi mamangu alizaliwa ndia gani?"

Nikakunja karatasi yangu. Ndia ni njia kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, kama njaa inavyokuwa ndaa na njoo ikawa ndoo. Jina lenye lafudhi hiyo halikutungwa ofisini. La Vasco da Gama liliishi kwenye vibao na postikadi, vibao vilipong'oka likaondoka navyo. Na hata kumpa mtaa hapa ni kichekesho: baharia huyo Mreno alipofika Aprili 1498 alitia nanga nje ya bandari, wakatiliana shaka na wenyeji, akaondoka baada ya siku chache kwenda Malindi, alikopokewa vizuri. Nguzo yake iko huko.

Isitoshe, kabla ya zama za Waingereza, Wareno walioishi karibu na Fort Jesus, ngome waliyoanza kuijenga 1593, mtaa wao waliuita Raposeira, yaani pango la mbweha. Kwa hiyo wino wa rangi mbili hautoshi.

Karatasi ya tatu nimeianza leo. Ndia Kuu nyeusi, kwa herufi kubwa. Raposeira na Vasco da Gama kwa penseli, pembeni. Kesho ni Marikiti, jengo la 1914 lililofunguliwa kwa jina la Mackinnon Market. Ila nitapita kwa Bi kwanza, kabla sijafungua kizibo cha wino.