Siku Moja Mezani pa Marejeo: Nani Alihesabu Waliokufa katika Vita vya Majimaji?

Saa 2:00 asubuhi. Naanza zamu yangu ya ukutubi katika maktaba mpya ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyozinduliwa mwaka 2018 na yenye uwezo wa kupokea wasomaji 2,100 kwa wakati mmoja. Viti vilivyo karibu na soketi za umeme ndivyo hujaa kwanza.

Saa 3:15. Anafika mwanafunzi wa Historia anayeandika utafiti kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907, wenyeji wa kusini mwa Tanzania ya leo walipopigana na utawala wa Kijerumani.

“Shikamoo mama. Kitabu kimoja kinasema walikufa watu 75,000, kingine kinasema 300,000. Niandike ipi?”

“Marahaba. Usiandike yoyote kwanza, mpaka tujue nani alihesabu.”

Tunaanza na katalogi. Jina la vita hivi limeandikwa kwa namna nyingi, kwa neno moja, kwa maneno mawili na kwa kistari, hivyo anayetafuta kwa namna moja tu hukosa vitabu vilivyo rafu ileile.

Saa 5:00. Katika makusanyo ya East Africana, yaani machapisho yanayohusu Afrika Mashariki, tunajadili kumbukumbu za von Götzen, gavana wa Kijerumani wakati wa vita, zilizochapishwa mwaka 1909. Kwa amri zilizotolewa na mienendo ya majeshi, huyu ni shahidi wa karibu. Kwa uhalali wa vita, ni mtu anayetetea utawala wake mwenyewe. Idadi ya 75,000 ni ya serikali ya Kijerumani, ilhali ile ya 250,000 hadi 300,000 ni makadirio ya mwanahistoria Gwassa, ambaye alizingatia pia njaa iliyofuata baada ya askari kuteketeza mashamba na maghala ya chakula.

Saa 8:00 mchana. Tunapitia simulizi za wazee zilizokusanywa na wanafunzi wa chuo hikihiki mwaka 1968. Wengi huzipuuza kwa kuwa zilirekodiwa zaidi ya miaka 60 baada ya vita, tena wakati taifa changa likitafuta mizizi ya umoja wake. Tahadhari hiyo ni ya haki, ila sioni kwa nini isimhusu pia afisa wa Kijerumani aliyeandika alichosimuliwa na wapelelezi wake.

Saa 9:30. Anafungua makala ya intaneti yenye idadi kubwa kuliko zote. Jarida halitaji wahariri, na tanbihi yake inatupeleka kwenye tovuti ya utalii isiyotaja chanzo chochote. Tunaiacha.

Saa 10:45. Ameandika takwimu zote mbili, kila moja ikiwa na mwenyewe. Kesho anakwenda Nyaraka za Taifa kusoma majalada ya Kijerumani, hivyo nimemtolea nakala ya jedwali la herufi za mwandiko wa mkono wa enzi zile, kwani Kijerumani cha darasani peke yake hakitamwezesha kuusoma.