Kiduha nilichokinunua kwa pesa yangu

Nilikulia Singida kwenye mashamba ya mtama. Msimu wa mvua nilipalilia nyuma ya mama, na hakuna alichokichukia kama kiduha, lile gugu lenye maua madogo mazuri linalonyonya mizizi ya mtama mpaka unadumaa. Kwa hiyo nilipompigia simu kutoka Wisconsin, Marekani, kumwambia kwamba ekari tisa alizotuachia baba mkwe nazirudisha kuwa mbuga ya nyasi, alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Mwanangu, sisi majani tunayang'oa, wewe unayapanda?"

Nilimweleza. Kabla wakulima walowezi hawajafika karne ya 19, huku kusini-magharibi mwa Wisconsin kulikuwa na nyasi ndefu na mialoni iliyoachana, na watu wa taifa la Ho-Chunk waliichoma nchi kwa mpango. Likaja jembe, moto ukakoma. Iowa, jimbo jirani, imebakiwa na chini ya asilimia 0.1 ya mbuga zake. Kwetu ilisalia mialoni mitatu konani, matawi ya chini yametanda kama ya mti uliokulia peke yake juani, lakini vichaka vimeizonga.

Tulimwaga mbegu Desemba 2016, mara baada ya soya kuvunwa. Soya inaacha ardhi tupu na tulivu, huna haja ya kulima. Ukilima unaamsha magugu yaliyolala. Tulichanganya mbegu na maranda yenye unyevu, tukatembea tukirusha kwa mkono. Baridi inafanya kazi iliyobaki: udongo unaganda na kuyeyuka, unazimeza mbegu, na nyingi kati ya hizo haziwezi kuota bila kupita kwenye majira hayo ya baridi.

Mwaka wa kwanza ulinivunja moyo. Shamba zima lilikuwa magugu. Aliyeniokoa ni mzee mmoja mwenye mbuga yake, aliyeniambia nifyeke kila yanapofika magotini, niache kimo cha kiganja. Miche ya asili mwaka huo haikui kwenda juu, inashusha mizizi, kwa hiyo mashine inapita juu yake. Nilifyeka mara nne. Mwaka wa tatu nyasi ziitwazo blustemu kubwa zilinipita kichwa. Mama nilimwambia ni za ukoo mmoja na mtama wake, na hapo ndipo alipoanza kuuliza habari za shamba mwenyewe.

Lakini nilikuwa nimekosea, na kosa lilianzia dukani. Mbegu za nyasi ndefu ni rahisi, za maua ni ghali, nikabana pesa. Matokeo yake blustemu ilifunika kila kitu, maua yakabaki pembezoni tu. Nilihangaika misimu miwili. Kisha nikasoma kuhusu pedikulari, mmea mfupi wa maua ya njano wenye asili ya huku, unaochomeka mizizi yake kwenye mizizi ya nyasi na kuzinyonya. Ni wa familia moja na kiduha! Nilikaa na jambo hilo usiku mzima. Oktoba nilifyeka vipande vitano mpaka chini, nikasomba majani yote, nikapanda adui wa mama yangu. Unakua polepole sana. Miaka mitatu ilipita kabla sijaona tofauti. Sasa vipande hivyo nyasi zinafika kiunoni tu, na katikati yake wanaingia nyuki.

Moto tulianza Aprili ya mwaka wa nne, kwa kibali, watu sita wenye mabomba ya maji mgongoni. Unaanza upande ambao upepo unaelekea, ili moto urudi nyuma taratibu dhidi ya upepo na kuacha ukanda mweusi. Ukanda ukiwa mpana ndipo unawasha upande wa pili. Mara ya kwanza upepo uligeuka tukazima kila kitu, tukarudi baada ya siku tisa. Moto unaua miche ya vichaka na kuzirudisha nyuma nyasi za kigeni zinazowahi kuchipua. Mwaloni wenye gome nene haujali. Vichaka vikubwa chini ya ile mitatu nilivikata kwa msumeno majira ya baridi, kila kisiki nikakipaka dawa papo hapo, la sivyo kinachipua mara tano. Mialoni yenyewe sigusi tawi kati ya Aprili na Julai, kwa kuwa kidonda kibichi kinaalika ugonjwa wa kunyauka.

Mwezi uliopita nilimtumia mama video. Aliitazama mara mbili, akasifu nyasi, akauliza, "Na ng'ombe wako wapi?" Ni swali la haki. Mbuga hii zamani ililiwa na baisani, nyati wa Marekani, na malisho hupunguza nyasi ndefu bila mimi kupanda kitu. Jirani mwenye ndama amekubali kuja Jumamosi kuangalia uzio.