Mhoji mzee, kisha nyamaza

Ukienda Kibosho au Marangu kuhoji wakulima wa kahawa kwa ajili ya tasnifu ya uzamili, dodoso la maswali 40 liache Moshi mjini. Maswali 8 hadi 10 ya wazi yanatosha. "Je, bei inakuridhisha?" litakupa "ndiyo" ya heshima tu, hasa kwa mzee uliyemwamkia shikamoo sasa hivi. Sema: "Nieleze mara ya mwisho ulivyopeleka kahawa chama cha msingi," yaani ushirika wa wakulima wa pale. Halafu nyamaza, hesabu hadi 5 kimoyomoyo. Mara nyingi jambo lenyewe hutoka hapo.

Ridhaa kwanza, kinasa sauti baadaye. Mvua ikianza kupiga bati, simamisha.

Unukuzi, yaani kuandika neno kwa neno ulichorekodi, ndio unaochosha watu: saa 1 ya sauti hula saa 4 hadi 6, na Kichagga kikiingia, zaidi. Andika Kichagga kilivyo, tafsiri pembeni.

Kwenye kusimba, yaani kukipa kila kipande cha maelezo jina fupi (msimbo) la maana yake, tuseme mkulima kasema: "Hela inakuja vipande vipande, ada haisubiri." Msimbo "umaskini" hausemi kitu. "Malipo hayaendani na kalenda ya ada" unasema. Anza kusimba baada ya mahojiano 2 au 3, wakati bado unaweza kurekebisha maswali.