Nilivyomaliza dozi ya Flagyl bila kutapika

Kama kuna ushauri ulionichosha mwaka huu, ni ule wa "meza mbili asubuhi, mbili jioni, kuhara kukikata acha." Nimeupata kwa jirani, nimeupata kwa wifi yangu, na kijana wa duka moja la dawa alikuwa tayari kunikatia vidonge vinne bila kuuliza naharisha nini. Sikununua. Choo kilikuwa na damu na kamasi, tumbo linanyonga, nikaenda kupima. Maabara wakaona amiba, daktari akaandika metronidazoli, ndiyo hiyo Flagyl, mara tatu kwa siku.

Watu wanaimeza kwa kila kitu. Inaua vijidudu kama amiba, giadia na trikomona, na bakteria wanaoishi pasipo na oksijeni, ndiyo maana hata mwenye jipu la jino huandikiwa. Mafua haiyagusi. Kuhara kunakoletwa na virusi, ambako watoto wengi wanakupata, haikufanyi lolote. Huko kinachookoa ni ORS, ile chumvichumvi ya kuchanganya na maji, na zinki.

Tuje kwenye ladha, maana hapo ndipo wengi wanapoitupa dozi. Baada ya kidonge cha kwanza mdomo ulikuwa kama nimenyonya sarafu. Maji yakawa machungu, samaki wa kukaanga sikutaka hata kumnusa. Nilianza kwa kumezea chai ya rangi yenye sukari nyingi, tumbo likiwa tupu. Kichefuchefu kilinipanda mpaka nikashika ukuta. Kilichonifaa ni uji.

Nilipanga saa: kumi na mbili asubuhi, nane mchana, nne usiku. Hapo zinapita saa nane nane, na mbili za kwanza zinaangukia kwenye mlo. Ngumu ni ya saa nne, maana kwetu tunakula mapema. Basi jioni napika uji mwembamba wa ulezi, nautia kwenye chupa ya chai. Ikifika saa nne nakunywa nusu kikombe, namezea kidonge, namalizia ile nusu. Kidonge kimeze kizima. Kikianza kuyeyuka ulimini umekwisha. Ladha iliyobaki niliizima kwa ukwaju uliopakwa chumvi kidogo, naubana shavuni mpaka mate yajae. Nilikuwa nanunua kwa mafungu, dozi nzima sidhani kama ulivuka buku jero. Sikutapika hata mara moja.

Mkojo ulipogeuka rangi ya chai, mume wangu alitaka twende hospitali usiku uleule. Nilishauliza mfamasia: dawa hii inaweza kuufanya hivyo, maadamu macho hayajawa ya njano. Cha kukurudisha haraka ni ganzi au michomo ya vidole vya mikono na miguu. Muulizeni mfamasia, anajua kuliko jirani. Na pombe ni mwiko mpaka siku mbili tatu baada ya kidonge cha mwisho. Hata dawa ya kikohozi isome kwanza, nyingine zina pombe ndani.

Nilipomaliza nikapewa dawa ya pili, kwa sababu Flagyl inamuua amiba aliyeingia kwenye nyama ya utumbo lakini sisti zake, yaani amiba waliojifungia kwenye ganda gumu, zinaweza kubaki. Hilo wa "mbili mbili" hawalisemi.

Kisha baba mdogo akaja, akaomba "zilizobaki" kwa ajili ya tumbo lake. Hazikuwepo, na hata zingekuwepo nisingempa. Yeye anatumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa ajili ya moyo, na Flagyl huizidisha nguvu warfarini mpaka mtu anaweza kuvuja damu. Aliona namnyima, akanuna. Nikamwambia, "Baba, twende kliniki yako." Tukaenda, wakapima damu yake inavyoganda, wakampa dawa nyingine ya tumbo. Siku hizi jina la metronidazoli limeandikwa kwa herufi kubwa kwenye kadi yake, na anaionyesha kwanza kila anapoingia duka la dawa.