Kabla hujautundika ukutani, ushike mkononi

Upanga wangu wa kwanza wa nakala, yaani ulioigwa kutoka panga za Ulaya ya kale, una uzito wa kilo 1.2, na karibu kila mgeni anayeushika hutamka maneno yaleyale: "Kumbe mwepesi hivi!" Wengi tumekua tukiamini kwamba mashujaa wa Ulaya ya kale walikuwa wakiburuta machuma ya kilo kumi. Si kweli hata kidogo. Upanga wa mkono mmoja wa karne ya 12 au 13 kwa kawaida ulikuwa kati ya kilo 1 na 1.4. Hata ule mrefu wa kushika kwa mikono miwili, mara nyingi haukufika kilo 1.8. Pale British Museum kuna upanga ulioopolewa mto Witham, Lincolnshire, mwaka 1825. Una urefu wa milimita 964 na uzito wake ni kilo 1.2. Juu ya bapa lake, yaani chuma chenyewe chenye makali, kumechorwa safu ya herufi za dhahabu ambazo hadi leo wasomi hawajakubaliana zinasema nini.

Naanzia kwenye uzito kwa sababu hapo ndipo mtu anayeanza kukusanya panga hizi anapotakiwa kuanzia. Kuna nakala nyingi sokoni zinazopendeza kwenye picha, mpini wa dhahabu, kichwa cha simba, vito vya kioo. Ukizishika mkono unalemewa, ncha inakuvuta chini, kiganja kinauma. Huo ni urembo wa ukutani. Upanga wa kweli ulitengenezwa na mtu aliyejua kwamba mwenzake atautegemea apate kurudi nyumbani, na nakala nzuri inabeba hesabu ileile.

Mimi ni fundi wa mabasi hapa Leeds, kaskazini mwa Uingereza. Nimekulia Muheza, Tanzania, na mjomba wangu alikuwa mhunzi. Alifua majembe, visu na mapanga ya shamba kutokana na springi za Land Rover zilizochakaa. Alizitafuta springi kwa sababu chuma chake kinapinda na kurudi, na kikipashwa moto kikazamishwa kwa ustadi kinashika makali. Nilipoanza kusoma maelezo ya panga za nakala nikakuta watengenezaji wanataja chuma namba 5160. Ni kilekile kinachotengenezewa springi za magari! Nilifurahi mno. Kitu nilichokiona tangu utotoni pale kwenye mivukuto ya mjomba ndicho wanachokitumia watu wa Marekani na India kuiga silaha za karne ya 13. Namba nyingine utakazokutana nazo ni 1060, 1075, 1095 na 6150. Zote ni vyuma vyenye kaboni ya kutosha na zote zinafaa, ilimradi aliyezipasha moto anaijua kazi yake.

Usichukue stenlesi. Kwa kisu cha jikoni ni sawa kabisa, lakini bapa refu la stenlesi likigongwa linaweza kuvunjika ghafla na kipande kikaruka. Nakala za stenlesi zina ugonjwa mwingine pia, nao umejificha ndani ya mpini. Bapa la upanga halikomi pale kwenye kikingio cha mkono. Chuma kinaendelea kama mkia, kinapita katikati ya mti wa mpini hadi kwenye kirungu cha mwisho. Katika upanga mzuri mkia huo ni mpana na ni chuma kilekile cha bapa. Katika ule wa bei ya chee, utakuta wamechomelea nondo nyembamba yenye nyuzi za nati, na pale penye welding ndipo patakapokatika.

Upanga wangu ulipofika nilimpigia mjomba simu ya video. Baada ya shikamoo na marahaba hakuuliza umetoka nchi gani wala bei gani.

"Geuza nione kitako cha mpini," akasema. Nikageuza. "Wamegonga au wamefunga nati?"

"Wamegonga, mjomba."

"Basi huo ni wa kazi."

Alichokiona ni kile kijichwa kidogo cha chuma juu ya kirungu, kimefuliwa bapa kama ribiti. Mkia ukipenyezwa hadi nje na kugongwa namna hiyo, kikingio, mpini na kirungu hubanana vikawa kitu kimoja. Ndivyo walivyofanya mafundi wa zama zile. Nati si dhambi, wapo watengenezaji wazuri wanaoitumia, lakini utabidi uikague mara kwa mara kama inalegea.

Sasa nije kwenye jambo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni unene wa bapa. Watu huangalia upana na urefu, na picha za mauzo huonyesha hivyo tu. Utazame upanga kwa upande wa makali, uone bapa linavyokonda kutoka kwenye kikingio kuelekea kwenye ncha. Kwenye wangu, kipimo cha venia, kifaa cha kupimia unene, kinasoma milimita 5.5 karibu na kikingio na milimita 2.5 nikikaribia ncha. Huko kukonda ndiko kunakofanya uzito urudi mkononi. Nakala mbovu hukatwa kwenye bamba la unene mmoja, likachongwa umbo na kunolewa. Ukipima mwanzo ni milimita 5, ukipima mwisho ni 5. Ndiyo maana inakuvuta chini.

Kipimo kingine hakihitaji kifaa. Laza bapa juu ya kidole kimoja na kusogeza polepole mpaka upanga utulie. Panga nyingi za mkono mmoja hutulia sentimita 8 hadi 13 kutoka kwenye kikingio. Kisha shika mpini kwa kulegeza, ncha ikiangalia juu, na upige kirungu kwa kiganja cha mkono wa pili. Bapa lote litatikisika, utaliona likicheza kama lina ukungu, isipokuwa sehemu moja iliyo karibu theluthi mbili ya urefu wake. Hapo patakuwa pametulia tuli. Ukikata ukagonga hapo, mshtuko haurudi mkononi. Mafundi wa kale hawakuwa na hesabu za mitetemo kwenye karatasi, lakini waliijua kwa vidole, na kila nikipiga kirungu nawaheshimu upya.

Na ule mfereji unaopita katikati ya bapa, tafadhali, si wa kupitishia damu. Kazi yake ni kupunguza uzito bila kulegeza bapa, kama vile chesisi ya lori inavyokuwa na mkunjo badala ya kuwa chuma kizito cha mraba.

Ukitaka kuelewa kwa nini panga zinatofautiana maumbo, jifunze namba za Ewart Oakeshott, Mwingereza aliyefariki mwaka 2002. Alizipanga panga za zama za kati kwa umbo la bapa na kazi yake, akazipa namba za Kirumi kuanzia X hadi XXII. Alianzia X kwa kuwa namba za chini zilikuwa zimeshatumika kwa panga za enzi ya Waviking. Usizikariri zote. Chukua mbili tu, X na XV, uzilinganishe. X ina bapa pana, mfereji mpana na ncha butu kidogo. Ni upanga wa kukata, wa wakati ambapo adui alivaa deraya ya pete za chuma au hakuvaa kitu. XV ni kama pembetatu ndefu, hauna mfereji, katikati umeinuka mgongo mgumu na ncha ni kali kama sindano. Huo ulikuja pale mabamba ya chuma yalipoanza kufunika mwili mzima na kukata kukawa hakusaidii. Ikabidi kutafuta mwanya kwapani au shingoni na kuchoma. Ukishaona hivyo, kila upanga unakwambia ulikuwa ukikabiliana na vazi gani.

Kabla ya kununua nilikwenda mara nyingi Royal Armouries, makumbusho yaliyofunguliwa hapa Leeds mwaka 1996. Kiingilio ni bure. Nilikuwa nasimama ubavuni mwa kabati la kioo, si mbele yake, ili nione unene. Anayeishi London aende Wallace Collection pale Manchester Square, nako bure. Ukizitazama za kweli kwa muda mrefu jicho linapata adabu. Ukirudi kwenye picha za dukani unaona mara moja kwamba kikingio hiki ni kinene mno au kirungu hiki hakifanani na karne yoyote.

Kuhusu bei. Nakala ya kuanzia yenye heshima, kwa mfano za Windlass, kampuni ya Dehradun, India, iliyoanza mwaka 1943, mara nyingi huwa kati ya dola 200 na 400. Del Tin wa Maniago, Italia, wana jina la siku nyingi. Juu kabisa wako Albion wa New Glarus, Wisconsin. Panga zao nyingi zilichorwa na Peter Johnsson, Mswidi anayepima panga za asili kwenye makumbusho kabla ya kuchora, na bei inavuka dola 1,000 kwa urahisi. Ushauri wangu ni mmoja: afadhali upanga mmoja wa dola 350 kuliko tatu za dola 100. Muuzaji muulize uzito, unene mwanzoni na mwishoni, unatulia sentimita ngapi kutoka kwenye kikingio, na mkia umefungwaje. Akikujibu tu kwamba ni "chuma imara, tayari kwa vita", mshukuru na uondoke.

Sheria nazo zisomwe. Hapa Uingereza lazima uwe na miaka 18, na kutembea na upanga hadharani bila sababu ya halali ni kosa. Panga zilizopinda zenye bapa la sentimita 50 au zaidi zilipigwa marufuku mwaka 2008, kukiwa na misamaha fulani. Zilizonyooka kama huu wangu haziguswi na marufuku hiyo. Wewe uliyeko Dar, Mombasa au Muscat, waulize polisi na forodha kabla hujalipa hata senti moja.

Matunzo ni rahisi ukiwa na moyo. Chuma cha kaboni hakipendi jasho. Ukigusa bapa kwa kidole na kuliacha, baada ya siku chache utaiona alama ya kidole chako imechorwa kwa kutu, mistari yote ya ngozi inaonekana. Kwa hiyo kila nikiushika naufuta kwa kitambaa kikavu, kisha kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, safu nyembamba ya kung'aa tu. Ala ya ngozi ni nzuri kwa kutazama, lakini upanga usilale humo miezi na miezi. Ngozi hunyonya unyevu wa hewa na kuurudisha kwenye chuma. Wangu unalala kwenye sanduku la mbao juu ya kabati, limefungwa kwa kufuli, kwa sababu nina watoto.

Sasa naweka akiba ya upanga wa pili, na huo nimeshauchagua. Kuna kundi la panga za Ulaya za karne ya 14 na 15 ambazo ziliishia kwenye ghala la silaha la Wamamluki, watawala wa Misri wa wakati huo, huko Iskandaria. Wasomi wengi wanahusisha nyingi kati yake na kisiwa cha Cyprus, ambacho mfalme wake Peter wa Kwanza aliuvamia mji huo mwaka 1365, na mwaka 1426 Wamamluki nao wakavamia kisiwa na kumteka mfalme Janus. Huko Iskandaria, juu ya bapa, zikachorwa maandishi ya Kiarabu: jina la amiri, ghala, mji, pengine na mwaka, na kwamba silaha hiyo imewekwa wakfu. Royal Ontario Museum ya Toronto inazo kadhaa. Nilifungua picha zake, nikakuza, na kwa herufi zilezile nilizofundishwa chuo cha Kurani pale Muheza nikasoma neno Iskandaria juu ya upanga uliofuliwa na Mzungu. Nimesoma mengi kuhusu panga lakini hakuna lililonigusa kama hilo. Bahari ya Kati ilikuwa na watu wanaopigana na kufanya biashara na kutekana, na chuma kikawa kinavuka mikono pamoja nao.

Mhunzi niliyezungumza naye yuko tayari kuchora maandishi kama yale kwenye nakala yangu, kwa malipo ya ziada. Nimemwambia asichore. Mali ya wakfu ina mwenyewe na ina mahali pake, na upanga utakaolala sandukuni kwangu haujawekwa wakfu popote. Nataka umbo, uzito na unene wake tu, bapa libaki tupu.