Siku moja maishani mwangu: nikiwa na chaneli moja ya mitokondria

Saa 1 asubuhi. Natoa protini kwenye friza. Ni VDAC1 ya binadamu, chaneli (yaani protini yenye tundu la kupitishia ayoni na molekuli) iliyojaa kuliko protini zote kwenye utando wa nje wa mitokondria, vinu vya nishati vya seli. Hatuitoi kwa mtu. Jeni lake tumelipandikiza kwenye bakteria, nao huizalisha kwa wingi, ila katika mabonge yasiyo na umbo. Mabonge hayo tunayayeyusha kwa guanidini, kisha tunaiachia protini ijikunje upya ndani ya sabuni laini iitwayo LDAO. Mnyororo wa asidi amino 283 unarudi kwenye umbo lake bila kusaidiwa na seli. Nimeshaliona mara nyingi, na bado linanistaajabisha.

Umbo lenyewe lilijulikana mwaka 2008. Ni pipa: tepe 19 za beta, yaani vipande vya mnyororo vilivyonyooka, zimesimama ubavu kwa ubavu kuzunguka tundu. Mapipa ya utando wa nje wa bakteria kwa kawaida yana tepe za idadi shufwa. Hili lina witiri, kwa hiyo tepe ya kwanza na ya mwisho zinakutana zikielekea upande mmoja. Ndani ya tundu, mwanzo wa mnyororo umejikunja kuwa helisi (msokoto kama springi) fupi iliyoegemea ukuta.

Saa 3. Kutengeneza utando. Kati ya vyumba viwili vidogo vya maji ya chumvi kuna karatasi nyembamba ya Tefloni yenye tundu la mikromita 100 hivi. Lipidi, mafuta yanayojenga utando, inatandwa juu ya maji, kisha kina kinapandishwa polepole hadi tabaka mbili zikutane kwenye tundu. Njia hii ni ya Montal na Mueller, ya mwaka 1972. Chombo kimo ndani ya kizimba cha chuma, juu ya meza inayozuia mtikisiko, maana hata mlango wa chumba ukibamizwa utando hupasuka.

Saa 5. Imeingia! Naongeza tone la protini, na mstari kwenye skrini unaruka ngazi moja ghafla: kwa milivolti 10, mkondo wa pikoampia 40 hivi. Huo ni upitishaji umeme wa nanosimensi 4 katika kloridi ya potasiamu ya mola 1, alama ya VDAC moja iliyo wazi. Mwaka 1976 Schein, Colombini na Finkelstein waliona ngazi za aina hii walipotumia mitokondria za Paramecium, kiumbe cha seli moja.

Napandisha volteji hadi 50. Mkondo unasimama karibu na pikoampia 200 kwa muda, halafu unaanguka hadi nusu. Mwanafunzi aliyeketi kando yangu anauliza: "Daktari, kama imefunga, mbona umeme bado unapita?"

Swali hilo ndilo kiini cha kazi yangu. Ikiwa wazi, chaneli hii hupendelea ayoni hasi, na ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli na yenye chaji hasi, hupita. Ikifunga, ayoni ndogo kama za potasiamu huendelea kupita na upendeleo unageukia ayoni chanya, lakini ATP huzuiwa. Kwa hiyo namwambia asitazame tu ukubwa wa mkondo, aulize nani amekatazwa njia. Vitabu vingi bado vinauchora utando wa nje kama chujio linalopitisha kila kitu kidogo. Nadhani mchoro huo unawanyima wanafunzi jambo zuri kuliko yote.

Saa 7 mchana. Chakula cha haraka na mabishano marefu kuhusu ile helisi. Zamani wengi tuliamini ndiyo inayofunga tundu. Lakini mwaka 2012 kundi moja la watafiti liliifunga kwenye ukuta wa pipa kwa daraja la salfa, na chaneli ikaendelea kuitikia volteji kama kawaida. Mwenzangu hajaacha kuitetea helisi. Mimi naona jibu litafutwe kwenye pipa lenyewe.

Saa 8. Tunaongeza tubulini, protini inayojenga mikrotubuli, mirija ya mifupa ya seli. Viwango vya nanomola vinatosha. Mkia wake wenye chaji hasi unaingia ndani ya tundu na kutoka, na mstari unapapatika juu na chini katika milisekunde. Hapa pia ayoni ndogo hupita na ATP hukwama. Yaani sehemu ya mifupa ya seli inaweza kushiriki kuamua nishati itoke kwa kasi gani.

Saa 10. Kipindi na wanafunzi, kuhusu utando wa ndani. Huko kuna tofauti ya milivolti 150 hadi 180, na ndiyo inayoendesha utengenezaji wa ATP. Tundu pana kama la VDAC lingeimaliza mara moja. Ndiyo maana chaneli ya kalsiamu iliyopo huko, MCU, ni nyembamba na inachagua sana. Mkondo wake ulipimwa moja kwa moja mwaka 2004, jeni lake likatambuliwa 2011. Kwenye mdomo wake nyororo za asidi zinaishika kalsiamu, na protini nyingine, MICU1, huzuia njia hadi kalsiamu ya nje ipande.

Saa 12 jioni. Nachora mkondo dhidi ya volteji. Upitishaji uko juu karibu na sifuri na unashuka pande zote mbili, kama inavyotakiwa. Rekodi za tubulini nazitenga: kesho tunazirudia kwa lipidi nyingine, kwa sababu aina ya lipidi hubadilisha jinsi tubulini inavyoshika utando.